Mikono ya Chennai, mabega ya Tarime

Nyoosha vidole vinne vikiwa vimebanana, kisha kunja gumba liguse ubavu wa kiganja. Hiyo ni pataka, ishara ya kwanza anayofundishwa mtoto anayeanza Bharatanatyam, dansi ya jadi ya kusini mwa India. Mkono huohuo, bila kidole kubadilika, ukiinuliwa na kuelea juu ya kichwa ni wingu. Ukishushwa kwa mawimbi ubavuni ni mto. Ukisukumwa mbele, kiganja kikitazama nje, ni katazo. Unaweza kuwa usiku, msitu, upepo, farasi au mlango unaobishwa. Abhinaya Darpana, kitabu cha Kisanskriti kinachonasibishwa na Nandikeshvara, kinauorodheshea makumi ya matumizi, na hapo ni ishara moja tu kati ya 28 za mkono mmoja. Zile za mikono miwili zina orodha yake.

Mtu akitoka kusoma orodha hizo, kisha akaenda kutazama ngoma ya litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, huko Tarime au Serengeti mkoani Mara, ni rahisi kufikia hitimisho ambalo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wa Mara wenyewe: wenzetu wana sarufi ya mwili, sisi tunatikisika tu. Hitimisho hilo si la kweli, na lina madhara. Ngoma za wilaya hizo mbili ziko katika kipindi cha kuamuliwa nini kibaki na nini kitupwe, na hakuna anayehangaika kuhifadhi kitu anachoamini hakina maana. Swali la kuuliza ni kwa nini maana ya ngoma moja hukaa kwenye vidole na ya nyingine hukaa kwingine, na nini huipata maana hiyo watazamaji wanapobadilika.

Tuanzie India kwenyewe, maana hata huko mkono hausemi muda wote. Walimu wa Bharatanatyam hutenganisha nritta, dansi tupu ya mdundo na umbo, na nritya, dansi inayosimulia. Katika nritta, pataka ile ile iliyokuwa wingu na mto haina maana yoyote. Ni umbo zuri linalokamilisha mstari wa mkono, basi. Onyesho hufunguliwa kwa alarippu na aghalabu hufungwa kwa tillana, na vyote viwili ni vya nritta. Usimulizi unakaa katikati, kwenye vipande viitwavyo varnam na padam. Mpangilio huo ulisimikwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, katika ikulu ya Serfoji II huko Thanjavur. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dansi inayosifiwa kwa lugha ya mikono ni mwili unaocheza kwa nidhamu bila kusema neno, na hakuna Mhindi anayeiona sehemu hiyo kuwa pungufu.

Pale mkono unaposema, unasema kwa kusaidiwa. Natyashastra, kitabu kikongwe kinachonasibishwa na Bharata na chenye umri wa karibu miaka 2,000, hakizungumzii vidole peke yake: kinapanga pia miondoko ya jicho, nyusi, shingo, kiuno na hatua za miguu. Abhinaya Darpana nayo inafundisha kwamba jicho lifuate mkono, na akili ifuate jicho, mpaka hisia izaliwe kwa mtazamaji. Mchezaji anayeonyesha ngumi iliyosimamisha gumba, yaani shikhara, anaweza kuwa anamtaja mume, upinde au nguzo. Uso wake ndio unaotoa hukumu. Akiangalia chini kwa haya, ni mume. Akikaza macho mbali na kuvuta mkono wa pili nyuma, ni upinde.

Utajiri wa sanaa hii unaonekana zaidi katika padam. Chukua mstari mmoja wa wimbo ambamo mwanamke anamtuma shoga yake amwite mpenzi aliyechelewa. Mwimbaji anaurudia mstari huo tena na tena, maneno yaleyale, na kila marudio mchezaji analeta jambo jipya kwa mkono. Kwanza anaita tu. Kisha anatunga shada la maua, vidole vikiwa katika ishara ya katakamukha, vikichuma ua moja moja na kulipitisha kwenye uzi. Kisha anaonyesha shada limenyauka. Halafu mkono unageuka kuwa tausi anayemdhihaki, kidole cha pete kikigusa gumba na vidole vingine vitatu vikisimama. Wimbo haujasogea hata neno, lakini usiku mzima umeshapita. T. Balasaraswati, aliyezaliwa Madras (Chennai ya leo) mwaka 1918 na kufariki mwaka 1984, alisifika ulimwenguni kwa uwezo huo: mstari mmoja wa wimbo aliweza kuufungua kwa muda mrefu, na watu waliokaa mbele yake wakalia.

Neno la kushika hapo ni kukaa. Lugha ya vidole inahitaji mtu aliyeketi, tena karibu. Kathakali ya Kerala inalionyesha hilo waziwazi. Mwigizaji wake hafungui mdomo; waimbaji wanaimba nyuma yake, naye anayasema maneno kwa mikono, akiunganisha mudra, yaani ishara za mikono, 24 za msingi zilizopangwa katika kitabu cha Hastalakshanadipika hadi apate mamia ya maneno. Kwa desturi hufanyika usiku kucha mbele ya taa kubwa ya mafuta. Mtazamaji anayejua kisa cha Mahabharata anausoma mkono. Asiyekijua anaona uso uliopakwa rangi ya kijani na vazi pana, na baada ya saa moja anasinzia. Msimbo upo kati ya mchezaji na mtazamaji, na kwa karne nyingi hekalu na ikulu ndizo zilizowalea wote wawili: zilimlipa mchezaji, zikamkalisha mtazamaji, zikampa kila mtoto hadithi zilezile.

Ukiwa na kipimo hicho, Afrika Mashariki inasomeka vizuri. Rwanda ina mkono unaosema: katika umushagiriro wanawake huinua mikono na kuitanua kama pembe ndefu za inyambo, ng'ombe waliothaminiwa katika ikulu ya mfalme. Ankole nao, kwenye ekitaguriro, huinua mikono kuwa pembe. Palikuwa na ikulu, palikuwa na watu walioketi kutazama. Pwani, lelemama ya wanawake wa Mombasa na Zanzibar ilitulia kiwiliwili karibu chote, kazi ikabaki kwa viganja na vifundo vya mikono vinavyozunguka taratibu; na vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana vikali mbele ya wanawake waliokuja mahususi kuhukumu nani kapendeza. Taarab, ambayo mizizi yake Zanzibar ni ikulu ya Sultan Barghash, imezaa ishara zake upande wa ukumbi. Mwanamke anayekwenda kutunza, noti mkononi, husubiri mstari wake, kisha hugeuza kiganja au kuelekeza kidole upande alikoketi anayemlenga, na kila mtu ukumbini anajua habari. Hakuna aliyeandika kamusi ya ishara hizo, lakini hakuna anayezikosea.

Wasukuma wanaipima hoja yangu, kwa sababu walikuwa na watemi na bado bugobogobo yao si ya vidole. Mkono umeshika jembe, jembe linarushwa na kudakwa, na vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kuvuta watu. Lakini ngoma ile ilitokana na kulima kwa pamoja, na watazamaji wake wamesimama uwanjani, mamia kwa maelfu, kila mmoja huru kuhama kwenda kwa kundi pinzani. Kidole kilichojikunja hakimzuii mtu aliye hatua 50 kutoka kwako. Jembe linalozunguka hewani litamzuia.

Sasa Tarime na Serengeti. Wakurya wamekaa pande zote mbili za mpaka, Tarime na Serengeti upande wa Tanzania na Migori upande wa Kenya. Serengeti ina pia Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wataturu. Wakurya hawakuwa na mfalme wala ikulu. Waliongozwa na koo, marika na mabaraza ya wazee. Ngoma yao ilichezwa na wenyewe, kwa ajili ya wenyewe, nje, kwenye uwanda, na aliyekuwa mtazamaji saa hii alikuwa mchezaji saa inayofuata. Mkono unaosimulia kisa ungemsimulia nani? Kila aliyekuwapo alikuwa ndani ya kisa.

Tazama litungu linapopigwa. Mpigaji ameketi chini, ameliinamia, vidole vya mikono yake miwili vikipishana juu ya nyuzi nane zenye sauti nzito inayoingia kifuani kabla ya masikioni. Katika uwanja mzima, vidole vyake ndivyo pekee vilivyo kwenye kazi ndogo ndogo. Wanaocheza wamebeba vitu mikononi, fimbo au mgwisho, ama wameikunja viwikoni na kuisahau. Kinachocheza ni mabega: yanatetemeka kwa kasi, kifua kinafuata, shingo inaitika, na miguu inabaki chini kulinda mdundo kwa njuga mpaka mtu anaporuka. Kutetemesha mabega namna ile huku kichwa kimetulia kunataka miaka ya kujifunza sawa na katakamukha. Asiyezoea hujaribu kwa nguvu za mikono na huchoka upesi, kwa sababu mtetemo unatoka mgongoni.

Maana iko wapi? Iko katika nani anacheza, lini, akiwa upande wa nani, na wimbo unamtaja nani. Mwimbaji wa litungu hutaja majina na koo, na aliyetajwa hujibu kwa mwili wake na kwa mfuko wake. Fimbo iliyoinuliwa na kijana aliyetoka jandoni haina maana sawa na fimbo hiyohiyo mkononi mwa mzee. Mtu wa Sirari au Nyamongo, huko Tarime, akiona msafara unakuja kwa mbali, kabla hajausikia wimbo, anaweza kusema ni wa jambo gani. Huo ni usomaji kamili. Unasoma mkusanyiko wa watu kwa mkupuo mmoja, wakati mtazamaji wa Chennai anamsoma mtu mmoja kipande kwa kipande.

Na mkono wenyewe haukukosa maana. Maana zake ziliwekwa katika maisha ya kila siku. Katika jamii nyingi za ukanda huu, ukimpa mkono mtu mzima, mkono wa kushoto hushika kigasha cha kulia kuonyesha heshima. Kitu hupokelewa kwa mikono miwili. Mkubwa hanyooshewi kidole, na watoto au ng'ombe hawahesabiwi kwa kuonyeshwa kidole kimoja kimoja. Ninavyoona mimi, mkono uliofungwa na adabu nyingi kiasi hicho nyumbani usingekuwa chombo chepesi cha kuchezea uwanjani. Bega halikuwa na miiko hiyo, na ngoma ikalichukua.

Hapa uchambuzi unafika mahali pagumu, nami sitaki kupazunguka. Jukwaa kubwa kuliko yote la ngoma ya Wakurya limekuwa msimu wa esaro, msimu wa tohara, ambao katika koo nyingi huangukia Desemba, aghalabu ya mwaka wa shufwa. Ndipo misafara inapotoka, fimbo juu, nyuso zimepakwa, wanaume kwa wanawake wakimsindikiza mtoto kurudi nyumbani kwa nyimbo na zawadi. Na kwa wasichana msafara huo umekuwa ukitoka kwenye ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28. Kisu hakina utetezi wowote, hata wa utamaduni. Lakini ngoma na kisu vilitembea pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi, wanaopinga na wanaotetea, wanaviona kitu kimoja.

India ilipita hapo, na historia yake inastahili kusomwa na kila anayepanga jambo Tarime. Dansi tunayoiita leo Bharatanatyam ilikuwa sadir, kazi ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu na kucheza pia katika ikulu. Chini ya ukoloni ulinzi wa wafalme ulidhoofika na maisha ya wengi wao yakawa ya unyonge na kutumiwa na wanaume wenye mali. Dakta Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo, alipigania bungeni Madras kukomesha desturi ya kuwaweka wasichana wakfu. Sheria kamili ilipita mwaka 1947. Ila kabla ya sheria kupita, dansi ilikuwa imeshapata wenyewe wapya. Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Kibrahmini, alipanda jukwaani mwaka 1935 na mwaka 1936 akaanzisha shule ya Kalakshetra. Jina likabadilishwa, mavazi yakabadilishwa, na nyimbo zilizosema wazi juu ya mapenzi ya mwili zikapunguzwa ili dansi ifae familia zenye heshima za Madras.

Wengi wanaisimulia habari hii kama ushindi, na kwa upande mmoja ni ushindi: bila shule hiyo huenda dansi ingekufa. Lakini angalia mikono. Mudra zilibaki, hata zikanyooka zaidi, zikawa safi na za kufanana kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi. Kilichopungua ni ule uwezo wa kuugeuza mstari mmoja mara nyingi, kwa sababu uwezo huo ulikaa kwa wanawake ambao hawakuhitajika tena. Walimu wanaume wa jamii ileile walipata kazi katika shule mpya. Wanawake walioicheza dansi hiyo walio wengi walibaki na aibu iliyowekwa juu ya jina lao. Balasaraswati, mtoto wa ukoo huo, alibishana maisha yake yote na wale waliotaka dansi isiyo na mapenzi, na alifundisha Madras na Marekani. Walikuwa wachache mno waliopata nafasi kama yake.

Tofauti kati ya visa hivi viwili ni kubwa na lazima itajwe. Huko wanawake walikuwa ndio wachezaji na waliopoteza. Hapa mtoto ndiye anayejeruhiwa, na wanaopoteza kazi ni ngariba na wazee wanaofaidika. Hata hivyo swali la ngoma ni lilelile: desturi ikikatazwa, nani anabaki na ujuzi wa mwili uliozunguka desturi hiyo?

Jibu limeanza kutolewa bila kutangazwa. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kimekuwa kikiwapokea wasichana msimu wa ukeketaji na kuendesha makambi yanayowavusha kuingia utu uzima bila kukatwa. Mugumu, makao ya wilaya ya Serengeti, ipo Nyumba Salama inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania chini ya Rhobi Samwelly. Kazi ya kwanza ya mahali kama hapo ni kuokoa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini msichana asiyekatwa anahitaji pia kurudi nyumbani akiwa mtu mzima machoni pa watu, na kwa Wakurya utu uzima ulionekana kwa msafara: nyimbo, mabega na fimbo juu. Cheti hakitikisi mabega. Kambi inayomrudisha binti na cheti pekee imemrudisha nusu.

Wakati huohuo ngoma inapata watazamaji walioketi. Watalii wa hoteli za Serengeti, meza kuu kwenye uzinduzi, kamera ya simu inayopeleka video mtandaoni: wote hawa wanakaa, wanatazama kwa dakika tano, na hawajui koo wala majina. Serikali ilishawahi kutengeneza jukwaa la namna hiyo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mkoa huohuo wa Mara, alipohutubia kama Rais Desemba 1962 alisikitika kwamba waliosoma wanajua dansi za Kizungu na hawajui ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, sasa TaSUBa. Nia ilikuwa njema na kazi ilifanyika. Lakini jukwaa la taifa lilihitaji kila kabila lilete kipande kifupi kinachovutia asiyekijua, na kipande kama hicho kinabeba kile kinachoonekana upesi: kiuno, mruko, kasi. Mpangilio wa nani amesimama wapi na wimbo unamtaja nani huachwa uwanjani.

Kwa hiyo sishauri tuwaige Wahindi kwa kuzipachikia ngoma za Mara ishara za vidole zenye maana ya kubuni, kama vikundi vingine vinavyofanya ili mshereheshaji apate la kuwaeleza wageni. Anayetaka kuona mudra, Dar es Salaam kuna Kituo cha Utamaduni cha India, kilichofunguliwa mwaka 2010 na sasa kikiitwa kwa jina la Swami Vivekananda. La kuiga kwao ni bidii ya kuorodhesha. Natyashastra haikutosheka na maana. Ilitaja kiungo kwa kiungo kinachosogea na namna kinavyosogea. Mfumo wa kuandika miondoko ambao Rudolf Laban aliuchapisha mwaka 1928 unaweza kuandika bega kwa uangalifu uleule unaotumika kwa mguu wa mchezaji wa balei, na kamera nzuri leo iko kwenye simu ya kijana wa Tarime mjini.

Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na wanawake wanaojua. Katika kila ukoo wapo bibi walioongoza nyimbo za misafara hiyo, wanaojua wimbo upi ulitangulia, nani alitembea mbele ya mtoto, bega lilibadilisha mtetemo mahali gani njiani. Baadhi yao waliwahi kuwa ngariba, na hilo litaleta ubishi: kumwalika mwanamke aliyekata wasichana aje kufundisha ngoma kambini kunaweza kuonekana ni kumheshimu kwa mlango wa nyuma. Ubishi huo una haki yake. Jibu langu ni kwamba viongozi wa nyimbo si lazima wawe ngariba, na waanze hao. Na ngariba aliyeacha kisu hadharani, mbele ya ukoo wake, alipwe kwa nyimbo kama alivyokuwa akilipwa kwa kisu, akiwa chini ya macho ya wanaoendesha kambi. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Tarime na Serengeti wanaweza kuanza na kambi moja ya Desemba, koo mbili zenye mitetemo tofauti, na rekodi zinazobaki wilayani badala ya kuondoka na mtafiti, zikiwa na majina ya walioimba na malipo yao yameandikwa.